Upande wa Zuhura

Kijana aliyenipigia simu kutoka Songea alikuwa na adabu zake zote. Alinipa shikamoo, akauliza hali ya Dar, akaniambia kamati ya sherehe za shule yetu imekaa na kuona kwamba safari hii mgeni rasmi asiwe mwanasiasa, awe binti wa shule mwenyewe, yaani mimi, Dokta Kanisia, mtafiti wa mioyo. Nikamwambia sina nafasi, na kweli sikuwa nayo. Ndipo akaongeza, kwa kunibembeleza, kwamba siku hiyo hiyo watamvisha joho Mwalimu Gervas, ambaye alistaafu zamani na sasa afya yake si nzuri, na kwamba mzee huyo hunitaja kila aendako kuwa yeye ndiye aliyenilea kitaaluma. Aliyenilea! Nilikuwa jikoni nakata bamia. Nikaweka kisu chini nisije nikajikata. Nikamwambia yule kijana, “Mwanangu, niandike. Nitakuja.” Akanishukuru mpaka nikamwonea huruma, maskini, maana hakujua anamkaribisha nani.

Watu husema umri hupoza moyo. Wangu haukupoa. Nimeishi ughaibuni, nimerudi, nimefundisha, nimezika watu wangu, na bado nikisikia jina la Gervas damu inanichemka kama nilivyokuwa kidato cha tano. Mwaka ninaousema ni ule wa katikati ya zile zama za ruksa, ambapo pale sokoni Songea mitumba ilimwagwa chini marundo kwa marundo, maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa mtaa baada ya mtaa, na wanunuzi wa mahindi waliingia vijijini na malori yao huku ushirika ukikata roho taratibu. Shuleni kwetu mabadiliko yalifika kwa njia ya sabuni. Wasichana wenye ndugu mjini walianza kuoga sabuni za kunukia, na sisi wengine tuliendelea na sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi. Ugali haukubadilika. Maharage hayakubadilika, wala wadudu wake.

Zuhura alikuwa jirani yangu wa kitanda. Alitoka Nalasi, kule Tunduru kwenye mikorosho, na alipokuja shuleni alibeba korosho za kubanguliwa kwenye kopo la maziwa ya unga, akatugawia bweni zima siku ya kwanza bila kubakiza. Nilimwona mjinga. “Sasa utakula nini mwezi wa pili?” nikamuuliza. Akacheka. “Kani, Mungu ndiye mwenye kuruzuku. Na wewe utanipa dagaa zako.” Na kweli nilimpa. Tulikuwa tukikaa nyuma ya jiko baada ya chakula cha mchana, tukitafuna dagaa wa Nyasa wakavu na kusemana. Alikuwa na mdomo, Zuhura. Aliweza kumwiga mwalimu yeyote, na Gervas alimpatia zaidi ya wote: ile namna yake ya kuvuta suruali juu kabla ya kutoa hukumu na kusema, “Mimi nina macho, bwana. Mimi sihitaji kuambiwa.” Tulicheka mpaka wapishi wakatufukuza. Lakini nilianza kuona kwamba akicheka sana hushika kifua na kukaa kimya kidogo, na kwamba akipanda ngazi za bweni alikuwa anapumzika katikati, akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Biolojia tulifundishwa na Sista Otmara, mtawa mfupi mwenye sauti ya kiume, aliyeazima majarida ya sayansi kwa daktari wa misheni na kuyaleta kwenye klabu yetu yakiwa yamefungwa ndani ya kitambaa cha altare kilichochakaa. Klabu ilikaa maabara, kwenye zile meza zilizoungua asidi, madirisha wazi hata wakati wa baridi kwa sababu ya harufu ya gesi. Siku moja alituletea kifaa cha kusikilizia moyo, akasema kila mmoja amsikilize mwenzake. Mimi nikamsikiliza Zuhura. Moyo wangu mwenyewe ulipiga dundu-dundu, mlio ule tuliofundishwa. Wake ulipiga dundu halafu ukavuta, vuuu, kama maji yakirudi nyuma. Nikamwita Sista. Sista alisikiliza muda mrefu, akamuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo na viungo. “Mara nyingi, Sista. Magoti yalikuwa yanavimba, bibi ananikanda.” Sista akavua kile kifaa masikioni. Akasema atampeleka mwenyewe kwa daktari wa misheni akirudi kutoka mafungo yake ya kitawa, na kwamba tusiwe na wasiwasi. Akatupa kazi ya kufanya wakati hayupo: mdahalo.

Midahalo ya shule yetu haikuwa mchezo. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mtunza muda mwenye kengele, wapendekezaji upande mmoja, wapingaji upande wa pili, na ukumbi mzima ukipiga meza na kupayuka “Taarifa, mwenyekiti!” Kawaida hoja zilikuwa zile za mwalimu ni bora kuliko daktari. Sista alichoka nazo. Akachukua jambo kutoka kwenye jarida na kuliandika ubaoni kwa Kiswahili, ili hata kidato cha kwanza wasikilize: kwamba ni bora moyo wa kupandikizwa upelekewe jeni kwa kutumia virusi kuliko bila virusi. Mimi nikapewa kupendekeza, Zuhura kupinga. Waamuzi wangetoka nje ya shule, na daktari wa misheni angekuwa mmoja wao.

Tulilisoma jambo lile wiki nzima, juu ya kitanda kimoja, miguu ya Zuhura ikiwa imewekwa juu ya sanduku kwa sababu ilikuwa imeanza kuvimba. Niliseme hapa kwa kifupi kama tulivyolielewa, maana hadi leo ndilo linaloniweka mjini. Mtu akipewa moyo wa marehemu, mwili wake unaujua kuwa si wake na unaupiga vita. Ili usiupige, anameza dawa zinazolaza kinga ya mwili mzima, na hapo ugonjwa wowote unaweza kumtoa roho. Sasa kuna saa chache ambapo moyo ule umeshatoka kwa mtu wa kwanza na haujaingia kwa wa pili. Umekaa kwenye baridi, si wa mtu. Wataalamu walikuwa wameanza kujaribu kwa wanyama: katika zile saa, upitishie kwenye mishipa yake jeni, yaani maelekezo, ili moyo wenyewe ujitengenezee kitu cha kuwatuliza wanaoushambulia. Swali ni nani ayabebe hayo maelekezo mpaka ndani ya seli. Upande wangu ulisema virusi. Unamwondolea sehemu zinazomwezesha kuzaana na kuleta ugonjwa, unampakia mzigo wako, na kwa kuwa kazi yake tangu aumbwe ni kuingia kwenye seli, anaingia kweli, kwa wingi. Upande wa Zuhura ulisema funga jeni ndani ya kitone cha mafuta, au hata uipeleke hivi hivi. Mzigo mwingi utapotea njiani, seli chache tu zitaupata, lakini hakuna ugomvi.

“Wewe unashindwa tu,” nilimwambia. “Umekiri mwenyewe mzigo haufiki.”

“Unafika kidogo.”

“Kidogo kitasaidia nini? Mimi ni kama hawa wanunuzi wa mahindi wa siku hizi. Nafika mpaka Lusewa kabla ya mvua. Wewe ni ushirika, bado unatafuta dizeli.”

Akacheka, akashika kifua. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba kwenye kila maabara niliyoingia. “Kani, sikiliza. Moyo huo tayari ni mgeni kwenye nyumba ya watu. Tayari wanamtazama vibaya. Wewe unamtanguliza mtu ambaye mwili unamjua kuwa ni adui tangu utotoni, wanampigia kelele, wanakuja na marungu, wanamkuta na nani? Na mgeni wangu. Watampiga naye. Na ukitaka kumtuma mara ya pili hapiti tena, wameshamkariri sura. Mimi naenda kimya kimya. Nikishindwa leo nitarudi kesho.” Nikamwambia hiyo si sayansi, ni maneno ya kwenye harusi. Lakini niliyapekua majarida usiku kucha kichwani mwangu nikitafuta jibu, na sikulipata. Kweli virusi vile vya mwanzo vilikuwa na tatizo hilo hilo: vinaingiza sana, vinaamsha kinga, na baada ya muda mfupi seli zilizovipokea zinauawa.

Shule ilikuwa na desturi ya kupima wasichana mimba kila muhula. Wala haikuwa kipimo. Ulipangwa foleni nje ya chumba cha matroni, ukaingia, ukalala kwenye kitanda chenye mpira wa kijani, Mama Matroni akakuminya tumbo kwa vidole baridi na kukuuliza siku zako. Gervas, ambaye alikuwa mwalimu wa taaluma, alikaa upande wa pili wa pazia na biki yake. Alikuwa ameshatangaza kwenye paredi kwamba mwaka ule wakaguzi wakija watakuta shule isiyo na mimba hata moja, na alilisema hilo kwa majivuno kana kwamba ni kazi ya mikono yake. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nafunga vifungo kando ya ukuta, Zuhura alipoingia. Ukuta ule ulikuwa wa mbao. Nikasikia Mama Matroni anamuuliza siku zake, na Zuhura anajibu kwamba zimekata tangu aanze kuumwa. Kisha nikasikia pazia likivutwa, na sauti ya Gervas.

“Tumbo hilo ni la miezi mitano hilo.”

“Mwalimu, mbona na miguu imejaa maji,” Mama Matroni akasema. “Uso pia.”

“Wajawazito wote wanavimba miguu.”

“Tumpeleke tu hospitali wampime mkojo, tuwe na uhakika.”

“Nimpeleke hospitali ili mji mzima ujue? Mimi nina mabinti nyumbani, Mama. Mimi nina macho.”

Niliingia bila kubisha hodi. Nilimwambia, “Shikamoo Mwalimu, huyu anaumwa moyo. Sista amemsikiliza. Mimi mwenyewe nimemsikiliza. Mngoje Sista arudi.” Nilisema kwa heshima, mikono nyuma. Alinitazama kama mtu aliyeona kuku kaingia sebuleni. “Wewe sasa ndiye daktari?” Na kwa Zuhura akasema, “Kafungashe.” Zuhura hakulia. Alisema, “Wallahi Mwalimu, sijawahi kumjua mwanamume,” na Gervas akacheka. Hicho kicheko sitamsamehe hata wakinizika naye kaburi moja. Kesho yake asubuhi Zuhura alipakiwa kwenye lori la wanunuzi wa korosho lililokuwa linarudi Tunduru, juu ya magunia matupu, mvua ikinyesha, na mlinzi wa shule akatumwa amfikishe kwa baba yake na ujumbe wa mdomo: binti yenu ana mimba.

Sista alirudi baada ya siku kadhaa. Nilipomwambia, alikaa kwenye benchi la maabara bila kuvua koti. Alikwenda ofisini, tukasikia sauti zao mpaka bwenini, akatoka amewiva uso. Mwalimu wa taaluma ndiye mwenye mamlaka, aliambiwa, na yeye arudi kwenye vyura wake. Barabara ya Tunduru ilikuwa imekatika kwa mvua. Mimi sikula. Nilikaa kwenye kitanda cha Zuhura na kuandaa mdahalo, na mdahalo ulipofika nilikwenda kukaa upande wa wapingaji. Gervas alikuwa ameketi mbele na wageni. Mwenyekiti, msichana wa kidato cha sita, akaniambia nimekosea kiti. Nikasema sijakosea.

“Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, waamuzi, wapendekezaji na wapingaji wenzangu, hamjambo?” Nilianza kama inavyotakiwa. Nikatoa hoja za Zuhura, moja baada ya nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka yale ya mgeni na marungu. Meza zilipigwa. Daktari wa misheni alikuwa anaandika. Halafu nikasema, “Aliyeziandaa hoja hizi hayupo. Moyo wake unavuja. Amefukuzwa na mtu aliyeona maji ya ugonjwa akayaita mtoto, akakataa hata kipimo cha mkojo, kwa sababu ana macho.” Gervas akaruka. “Nje ya hoja! Mwenyekiti, huyu yuko nje ya hoja! Piga kengele!” Mtunza muda akapiga kengele, akapiga tena, na mimi nikazidi kupaza sauti juu ya kengele mpaka Gervas akaja mwenyewe kunishika mkono na kunitoa ukumbini. Nilisimamishwa masomo muhula uliobaki. Sijutii hata neno moja, isipokuwa kwamba sikumtaja kwa jina yeye Gervas mbele ya wageni wake.

Daktari aliuliza binti yuko wapi. Alipoambiwa, alitoa gari la misheni na kulipeleka Nalasi, likapasua matope siku mbili. Walimkuta mama yake Zuhura amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzake. Zuhura alikuwa ameshazikwa. Siku niliyosimama kumtetea, rafiki yangu alikuwa tayari yuko chini ya udongo. Mama yake alinieleza mengine miaka mingi baadaye nilipokwenda mwenyewe. Baba alikataa kumpeleka hospitali, alisema aibu imetosha, ngoja azae. Wakamwita somo wake, yule mwanamke aliyemfunda unyagoni, aje ambane amtaje mwanamume. Siku zake zote za mwisho Zuhura, asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, alikuwa amekaa ameegemea ukuta akiulizwa ni nani, na akisema hakuna. Baba alikufa akiamini kwamba ilikuwa mimba. Kijijini walimwita yule aliyekufa na mimba yake, na wadogo zake waliolewa kwa shida. Na jambo linalonitia wazimu ni kwamba Zuhura hakuhitaji moyo mpya, wala jeni, wala virusi, wala mafuta. Alihitaji vidonge vya kutoa maji, kitanda, mtu wa kumwangalia, na baadaye mtu wa kumrekebishia valvu ya moyo. Vidonge vile vilikuwa vinauzwa pale mjini, kwenye maduka mapya, hatua chache kutoka ofisi ya Gervas.

Nilisoma kwa hasira, nisidanganye. Wengine husoma kwa kupenda elimu. Nilifika kwenye maabara za nchi za watu ambako tulikuwa tunaweka mioyo ya nguruwe kwenye baridi na kuipitishia mizigo yetu, hii ya virusi, hii ya vitone vya mafuta, tukilinganisha nani kafika na nani kaleta fujo. Nilipoambiwa nichague kikundi nilichagua upande wa Zuhura, na wenzangu hawakuelewa kwa nini ninang'ang'ania upande unaoshindwa. Kwa haki niseme: vilikuja virusi vingine, vidogo na vipole, ambavyo vinakaa muda mrefu na kelele zao ni chache, na vimetupiga mara nyingi. Lakini watu wengi wana kinga navyo hata kabla hujaanza, na hapo tunarudi kwenye mafuta, ambayo nayo yameboreshwa sana. Ubishi haujaisha. Ningependa abishane nami yeye, kwa mdomo wake ule, badala ya vijana wangu wanaoniogopa.

Basi nikaenda Songea. Nilimpigia simu Mwanaidi, mdogo wake Zuhura, nikamwomba aje kutoka Nalasi. Mama yao hawezi tena kukaa kwenye basi, kwa hiyo tulikubaliana Mwanaidi awashe simu na mama asikilize nyumbani. Ukumbi ni ule ule, wameubandika vigae. Gervas alikuwa meza kuu, amekonda, fimbo katikati ya magoti, joho limemzidi mabega. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Kanisia mwanangu, umetuletea heshima.” Nikamwambia shikamoo Mwalimu. Akaitikia marahaba bila haya yoyote usoni.

Zamu yangu ilipofika nilizungumza juu ya mioyo, virusi na mafuta, kwa namna ambayo hata watoto walielewa. Nikawaambia hoja hizi nilizipata katika ukumbi huu kwa mwenzangu. Sikumtaja jina makusudi. Nilitaka jina litoke kwa mwingine. Nikasema, “Mwalimu Gervas, naomba usimame.” Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, wakidhani nakwenda kumshukuru. Akasimama, anatabasamu, akapewa kipaza sauti. “Mwalimu, yule binti wa Nalasi uliyemfukuza. Waambie watu hawa. Alikuwa na mimba, au hakuwa nayo?”

Vigelegele vilikatika. Mkuu wa shule alinivuta kitenge. Gervas akasema hii ni sherehe, mwanangu, mambo yale ni ya zamani. Nilimtazama tu. Mwanaidi alikuwa amesimama safu ya mbele, simu ameinyanyua kuelekea spika. Ukumbi wote ulimsubiri mzee yule, na mzee alitazama huku na huku akitafuta wa kumwokoa, asimwone.

“Hakuwa na mimba,” akasema mwishowe. “Alikuwa mgonjwa. Nilikosea.”

Kwenye simu sauti ya kikongwe ikasema, na kwa ukimya ule kila mtu wa mbele aliisikia, “Nani? Amtaje.”

Gervas akashusha kipaza sauti, akaniinamia na kuninong'oneza, “Hivi alikuwa anaitwa nani?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu miaka yote hiyo, kwa ubishi wake, kwa machozi yake, hata kwa kufa kwake kabla sijafika. Hilo sikujiandaa nalo. Mwanaidi ndiye aliyemjibu, kwa sauti kubwa. “Zuhura. Zuhura binti Saidi.” Nikamrudishia Gervas kipaza sauti mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe.

“Zuhura binti Saidi hakuwa na mimba,” akasema.

“Haya,” sauti ya mama ikasema. “Alhamdulillahi. Nimesikia.” Mwanaidi akazima simu, akaketi, akajifunika uso kwa mtandio.

Gervas alibaki amesimama. Mgeni rasmi akikusimamisha, yeye ndiye anayekuruhusu ukae, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini. Akakitazama kiti chake, akanitazama mimi. Akaiegemea fimbo kwa mikono miwili. Nikafungua karatasi zangu, nikaendelea na hotuba, wala sikumwambia akae.